Alidhani Ni Switi

Wiki iliyopita nilinunua vidonge katika duka la dawa hapa Gatongora, na nilipofika nyumbani nikashindwa kuvifungua. Nilikaa jikoni na ile karatasi ya fedha mkononi, vidonge vidogo vimepangwa safu safu, mishale ikikuonyesha uanzie wapi na uishie wapi, na mara nikasikia harufu ya kalamini. Kwangu hakuna kalamini. Ni ile dawa ya pinki ya kupaka ambayo zamani kila nyumba yenye watoto ilikuwa na chupa yake, ya tetekuwanga na upele wa joto. Sijaishika kwa miaka mingi, lakini pua haiombi mtu ruhusa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nina mtoto, nina kazi, na nina chunusi. Si zile nyekundu za kwenye paji la uso la mwanafunzi. Zangu zimekaa kidevuni na kwenye taya, ngumu, zinauma kabla hujaziona, na zinakuja wiki moja kabla ya siku zangu za mwezi bila kukosa, kama mgeni anayejua siku ya chapati. Daktari alinipima, akaniuliza maswali yake, akasema ni homoni. Nilicheka. Akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Kilikuwepo. Neno hilo nilikutana nalo nikiwa na miaka tisa, na nililionea wivu. Watu wengine utotoni walionea wivu baiskeli. Mimi nilizionea wivu homoni za dada yangu.

Tulikuwa tunakaa Ngoingwa, kule Thika, kabla magorofa hayajatuziba jua. Baba alifanya kazi Nakuru na tulimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa dirishani pa sebule, na nusu ya watoto wa shule za Thika walivaa sare zilizopita chini ya mguu wake. Tulikuwa wasichana wawili tu, Wairimu wa miaka kumi na sita na mimi niliyemfuata baada ya miaka saba. Wairimu alipewa jina la mama yake Baba, kama desturi inavyotaka. Mimi nikapewa jina la mama yake Mama, na kwa hiyo Mama hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Fikiria basi uchungu wangu. Mimi ndiye niliyekuwa mama yake, jina la damu yake, lakini mikono yake ilienda kwa yule aliyebeba jina la mama mkwe.

Nasema mikono kwa sababu hilo ndilo lililonikaa rohoni. Wairimu alipoanza kutoka chunusi, Mama alianzisha jambo ambalo halikuwepo nyumbani kwetu. Kila jioni alisimamisha cherehani, akamwaga maji ya vuguvugu kwenye beseni la bluu, akalowesha kitambaa cheupe na kukikamua, kisha akamlaza Wairimu kichwa mapajani mwake. Alikibonyeza kile kitambaa usoni mwake polepole, shavu kwa shavu, akipuliza pale palipouma. Baadaye alichukua pamba na kalamini, akazipaka zile chunusi moja moja. Na muda wote huo walizungumza kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu za kugawanya, nikisikia mnong'ono tu, na nikimaliza naambiwa, "Maitu, kanawe ulale." Nikanawa mwenyewe, kwa bomba, maji baridi.

Nilimuuliza Mama chunusi zinatoka wapi. Alikuwa na pini mdomoni, akajibu bila kuniangalia kwamba ni homoni, msichana akikua anapata. Nikadhani homoni ni kitu mtu hupewa, kama sare, na kwamba zangu zimecheleweshwa makusudi. Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni damu inachemka, mwingine akasema msichana wa namna hiyo ana kijana moyoni. Mama alimkataza Wairimu njugu na parachichi kwa sababu ya mafuta, na sehemu yake nikapewa mimi. Nilikula njugu za watu wawili na bado nikaona nimeonewa. Nilizila kwa bidii kubwa, nikijipapasa uso kila asubuhi, na kila asubuhi uso wangu ulikuwa laini kama yai.

Ndipo nikakumbuka thabai. Nyuma ya nyumba, kando ya ua, zilikuwa zimeota zile mboga zenye miba isiyoonekana ambazo Mama alizichemsha na kuziponda kwenye mukimo, pamoja na viazi na mahindi. Zikipikwa ni tamu. Zikiwa mbichi zinakuuma hadi unasahau jina lako. Nilivaa soksi mkononi, nikachuma tawi, nikafumba macho na kujisugua mashavu yote mawili na paji la uso. Sitaki kueleza maumivu yale. Niliingia sebuleni uso umejaa vivimbe vyekundu, machozi yananitiririka, na ndani yangu nimejaa furaha.

Mama aliacha kushona. "Maitu, umefanya nini?"

"Nimepata homoni," nikasema.

Akanivuta dirishani, akaniangalia, kisha akaona soksi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Hizi homoni zako zimetoka kwa fence," alisema, na Wairimu naye akacheka kule jikoni, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia kwa wiki nyingi. Lakini Mama alinilaza mapajani. Alileta beseni la bluu. Alinipuliza. Kalamini ilikuwa baridi na vidole vyake vilinuka mafuta ya cherehani, na nilitamani ile jioni isiishe. Kesho yake vivimbe vyote vilikuwa vimekwisha. Mama alinigusa shavu mara moja akipita, akasema, "Umepona," kisha akamwita Wairimu.

Halafu ikaja habari ya Ruiru. Jumamosi moja Mama na Wairimu walivaa nguo za kutokea, mimi nikaachwa kwa jirani. Waliporudi jioni walinuka chipsi na siki. Jumamosi nyingine tena wakaenda, tena wakarudi na ile harufu. Nikaamini kwamba Ruiru ni mahali wanapopelekwa watoto wanaopendwa. Ilinichukua miaka mingi kuambiwa na Wairimu mwenyewe jinsi ile Jumamosi ya kwanza ilivyokuwa. Alikuwa amekaa miezi minne bila kuona hedhi, na Mama, kabla ya kitu kingine chochote, alitaka apimwe mimba. Wairimu alikuwa hajawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Alilia kwenye benchi la kliniki hadi wagonjwa wengine wakamhurumia. Kipimo kilipoonyesha hakuna kitu, Mama alishindwa kusema pole, akamnunulia chipsi. Kumbe nilikuwa naonea wivu sahani ya msamaha.

Safari ya tatu jirani alikuwa amekwenda kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya ndugu yake, kwa hiyo nikachukuliwa. Njiani niliuliza kwa nini hatuendi kwa daktari wa Thika. Mama akasema, "Thika nimeshonea watoto wa kila mtu. Ruiru hakuna mtu ananijua."

Daktari alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilikaa kwenye stuli karibu na mlango nikasikia kila neno. Alimwambia Mama kwamba chunusi si uchafu na si tabia. Mwili wa kila mwanamke hutengeneza pia kiasi kidogo cha zile homoni tunazodhani ni za wanaume. Za Wairimu zimezidi kidogo, ndiyo sababu hedhi inaruka miezi, na ndiyo sababu tezi za mafuta kwenye ngozi zinafanya kazi kupita kiasi, vitundu vya ngozi vinaziba, uso unaumuka. Akatoa karatasi ya fedha yenye vidonge vidogo safu safu.

Mama aliitambua mara moja. "Daktari, hizi si ni za family planning?"

"Ndizo. Lakini huyu hatumpangii uzazi. Tunatuliza homoni."

"Ni mtoto wa shule. Yuko kwa darasa la kipaimara. Watu wa kanisa wakijua namkunywesha hizi, watasema nini?"

"Mama, mficha uchi hazai. Umenifichulia, sasa nisaidie nikusaidie." Daktari alimshika Wairimu kidevu, akamgeuza upande wa mwanga. "Atumie miezi minne bila kuruka siku, halafu nimwone. Mtaona tofauti polepole, msikate tamaa mwezi wa kwanza. Akiacha katikati zitarudi, na hizi za ndani zikirudi zinaacha makovu ya maisha. Huu uso bado tunaweza kuuokoa."

Tulipotoka, Mama alisimama kwenye kivuli cha duka akanishika bega. "Maitu, umesikia mambo ya watu wakubwa. Hii ni siri ya nyumba. Mtu wa kanisa akijua, Wairimu hatasimama na wenzake siku ya kipaimara. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kabisa. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu hadithi inayosimuliwa kwetu kila Krismasi haina sehemu hiyo. Na siku hiyo nilinunuliwa chipsi zangu mwenyewe, na zilikuwa chipsi za kawaida tu.

Vidonge vilikaa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Kila jioni baada ya chakula Mama alitoa kimoja, Wairimu akakimeza na maji, wakaangaliana. Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika. Mwezi wa pili uso wa Wairimu ulianza kutulia, kwanza paji, kisha mashavu. Alianza kuimba akiosha vyombo. Aliacha kutembea akitazama viatu vyake. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua sare alisema, "Kumbe uko na msichana mrembo hivi," na Mama akaenda kuchemsha chai isiyokuwa kwenye mpango.

Mimi nilikuwa nimejipa subira. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: chunusi zikiisha, beseni linaisha, na mikono inabaki bila kazi, na mwenye zamu ni mimi. Kweli, beseni likaisha. Lakini Jumatatu moja nilirudi shuleni nikakuta sebule imejaa kitambaa cheupe. Mama alikuwa ameanza kushona gauni la kipaimara la Wairimu. Sasa kila jioni alimsimamisha katikati ya nyumba, akampima mabega, akampima kiuno, akamzunguka kwa magoti na pini mdomoni, akamgeuza huku na huku kwa ncha za vidole. "Simama wima, mrembo wangu," alisema. Mikono ilikuwa imehama usoni ikaenda kwenye gauni, na mimi nilikuwa nimepanga foleni bure.

Nilikaa mezani nikamtazama dada yangu na ngozi yake mpya, na nikamchukia. Silitafutii neno laini. Alikuwa amependwa akiwa na chunusi na sasa anapendwa bila chunusi. Mimi nilikuwa nimejaribu yote mawili na sikupata kitu.

Jumapili iliyofuata nilitoa karatasi ya fedha kwenye droo, nikaiweka ndani ya Biblia yangu ndogo. Mwalimu wetu wa Sunday school alikuwa Mwalimu Esta, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mwema asiyeweza kukaa na habari tumboni. Sikuidondosha kwa bahati mbaya. Nilingoja asimame karibu yangu, nikafungua Biblia, nikaanza kuichezea ile karatasi.

"Hiyo ni nini?"

"Ni za Wairimu," nikasema. "Mama humpa moja kila jioni."

Aliichukua. Akaigeuza. Midomo yake ikawa nyembamba. "Wairimu wa kipaimara?"

"Eeh. Na tuliambiwa tusiseme."

Lile la mwisho hakuniuliza. Nililiongeza mwenyewe.

Nilitembea kurudi nyumbani mwepesi kabisa hadi nilipofika kwenye ua wetu na kuona gauni jeupe limeanikwa kwenye kamba, Mama amelifua kutoa alama za chaki. Hapo ndipo nikatamani kurudi nikaichukue ile karatasi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Mwalimu Esta alikuwa tayari na kiatu mguuni.

Walikuja jioni hiyo hiyo, wanawake watatu wa kanisa wamefunga vitambaa kichwani. Mama aliwapa chai. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani, na Wairimu alikuwa jikoni akisikia kila kitu kama mimi.

"Mama Wairimu," alisema Mwalimu Esta, "tumekuja kama dada zako." Akaiweka karatasi mezani, kando ya sukari.

Mama akaisogeza mbali na sukari. Kisha akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama daktari alivyomweleza: hedhi, tezi, mafuta, homoni. Walimsikiliza hadi mwisho.

"Homoni," alisema yule mkubwa wao. "Sisi tulikua bila homoni na tuliolewa."

"Hatusemi unadanganya," alisema mwingine. "Lakini watu wataona nini? Wataona mama amempa msichana ruhusa. Leo ni Wairimu, kesho wasichana wetu wote watasema ni chunusi. Mchungaji akisikia itabidi angoje mwaka mwingine."

"Ama uache hizi vitu," akasema Mwalimu Esta kwa upole, "na sisi tuseme hatukuona kitu."

Mama akageukia pazia. Aliniita. Nilitoka nyuma ya pazia, nikasimama mbele ya vikombe vya chai na macho ya wanawake wanne, na ya Wairimu mlangoni mwa jikoni, ambayo sikuthubutu kuyaangalia.

"Maitu, kwa nini ulibeba hizi?"

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema kweli na kupigwa, na pengine wale wanawake wangeona kwamba hapa kuna mtoto mwovu tu, si msichana mbaya. Badala yake nilifungua macho yangu makubwa kwenye uso wangu laini.

"Nilidhani ni switi," nikasema.

Wote wakapumua. Mmoja hata alicheka. "Mtoto ni mtoto, akiona kidonge anaona pipi," alisema, na akanipa biskuti kutoka kwenye sahani yetu wenyewe.

Walipoondoka, Mama alichukua karatasi, akatoka nje, akaenda chooni. Wairimu alimfuata hadi mlangoni. "Mama, daktari alisema miezi minne. Tumemaliza miwili."

"Daktari haishi Ngoingwa," alisema Mama. Tukasikia mlango wa choo ukifunguliwa.

Wairimu alipata kipaimara chake. Picha ipo, imening'inia ukutani hadi leo. Wasichana tisa wamevaa nyeupe, na dada yangu ni wa pili kutoka kushoto, amegeuza uso pembeni kama mtu anayetafuta mtu kwenye umati. Chunusi zilikuwa zimerudi zote na kuja na wenzake, za ndani, zambarau, zile alizozisema daktari. Mbele yake nimesimama mimi na soksi nyeupe, natazama kamera moja kwa moja, uso kama yai.

Na ile zamu yangu? Ilikuja, nayo sikuweza kuichukua. Mama alirudisha beseni la bluu, akachemsha maji, akamwita Wairimu, na Wairimu akasema, "Nitanawa mwenyewe." Alianza kunawa na mlango umefungwa. Hakumlaumu Mama kwa neno hata moja, alifunga mlango tu. Jioni kadhaa Mama alikaa na beseni miguuni, maji yanapoa, kisha akaniita mimi. "Maitu, kuja basi nikuoshe uso." Kila mara nilipata sababu. Nina hesabu. Nina usingizi. Nimeshanawa.

Miaka ilifanya kazi yake. Wairimu alienda chuo, akaanza kujitafutia matibabu kwa pesa zake, homoni zikatulia, chunusi zikaisha. Makovu hayakuisha. Ni vishimo vidogo kwenye mashavu yote mawili, ambavyo ukimtazama mbele huvioni, mwanga ukija wa upande unaviona vyote. Sasa ni mwalimu, ana nyumba yake Mugutha, na Mama anaishi kwake. Ndiyo, kwake. Nilimwambia Mama aje kwangu Gatongora, nina chumba, akasema kwa Wairimu kuna jua la asubuhi. Bado naona wivu, sifichi.

Na hadithi ya switi imekuwa mali ya familia. Mama huisimulia kila Krismasi, kwa wakwe, kwa wageni, kwa wajukuu. Anaigiza sauti za wale wanawake, "Homoni, sisi tulikua bila homoni," na watu wanashika mbavu. Akifika mwisho husimama na kunielekezea kidole, na mimi ndiye humalizia, kwa sauti ya mtoto: nilidhani ni switi. Nimeimalizia miaka yote hiyo na kila mara nimejua ni uongo ule ule narudia.

Basi Jumamosi nilibeba vidonge vyangu nikaenda Mugutha. Wairimu alikuwa jikoni akiponda mukimo, mikono ya sweta imekunjwa. Mama alikuwa sebuleni akisikiliza redio.

"Niaje," alisema bila kugeuka, kisha akageuka. "Ehe. Na hicho kidevu kimefanya nini?"

"Homoni."

"Za fence?"

"Za kweli."

Alicheka akaniinua kidevu kwa kidole chenye harufu ya vitunguu, akanigeuza dirishani. Niliitoa ile karatasi nikaiweka kwenye meza, kando ya sufuria. Aliitazama na kicheko kikapungua polepole.

"Ndizo zile zile," alisema. "Wamebadilisha maandishi tu."

"Wairimu, sikudhani ni switi."

Aliendelea kuponda mara mbili tatu. Kisha akazima gesi. "Unasema nini?"

"Nilijua ni nini. Nilikuwa kwa daktari, nilisikia yote. Nilisikia ya makovu. Nilimngoja Mwalimu Esta asimame karibu. Hata nilimwambia tumekatazwa kusema."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa."

"Mtu wa miaka tisa anajua."

"Nilijua. Ilikuwa wivu. Mama alikuwa anakushikashika."

Alivuta kiti akakaa. Alijigusa shavu, sidhani alijua anajigusa. Ndani redio ilikuwa ikitangaza matangazo ya vifo. Nilingoja anifukuze, na ningeenda.

"Unajua vile ulikuwa unalala?" alisema mwishowe. "Mdomo wazi, uso hauna kitu. Mimi nikikaa hapo kando na kalamini inanivuta ngozi. Nilikuwa naomba Mungu akupe chunusi. Serious. Kila siku, kwa magoti. Nikimaliza ya Baba na ya mitihani, naomba yako." Aliichukua karatasi, akaisukuma kuelekea kwangu. "Alichelewa tu."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Usiniharakishe," alisema. "Nimejua sasa hivi." Akawasha gesi tena, akachukua mwiko. Akikoroga akasema, "Mama usimwambie."

"Kwa nini?"

"Ni yeye alizitupa choo. Hiyo hadithi ndiyo inamfanya aweze kucheka."

Tulipakua. Mama alikuja mezani akishika viti, akakaa, na kabla ya kusali akaona ile karatasi ya fedha ikichungulia kwenye mkoba wangu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini hiyo aliiona. Akaanza kucheka peke yake.

"Hizi! Wairimu, si unakumbuka hizi? Huyu Maitu akabeba kwa Biblia akapeleka kanisani. Wale wamama wakakuja kwetu Ngoingwa, wamefunga vitambaa." Akaigiza sauti zote tatu. Akafika mwisho, akaninyooshea kidole na kungoja. "Kumbe yeye alidhani..."

Mdomo wangu ulikataa. Mama alibaki na kidole hewani, anatabasamu, ananingoja mimi. Wairimu aliweka sahani ya Mama mezani, akaupangusa ukingo wake kwa kidole gumba.

"Alidhani ni switi," alisema, na akacheka kabla yetu sote.

Alikuwa amekaa na dirisha ubavuni, mwanga unampiga shavu, kila kishimo kinaonekana. Nilimtazama akimkatia Mama nyama vipande vidogo, na nikamwonea wivu kuliko siku nyingine yoyote.